Barua ya Watu wa Fregellae

Mmeniomba niandike kumbukumbu za kazini, ninyi walimu vijana wa idara ya lugha, na mmenipa mpaka mfano wa kufuata: mwaka nilioajiriwa, mwaka niliopanda daraja, vyeti, shukrani. Mfano huo nimewashia jiko. Nimefundisha Kilatini miaka thelathini na minne katika seminari ndogo mbili, ya kwanza kwenye baridi kati ya Mafinga na Iringa, ya pili huku Mbeya, na sijaona mtu aliyefaidika kwa kusomewa madaraja ya mwenzake. Nitaandika habari za mji mmoja wa kale ambao ninyi mnaupita mbio kwa sababu haumo kwenye mtihani. Unaitwa Fregellae. Mji huo umenitesa kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na mke wangu, ambaye atasoma hapa, amekubali kushika nafasi ya pili.

Nilifika seminari ya kwanza mwezi wa sita, mwezi ambao mwenye akili haendi Mufindi bila koti. Mimi nilikuwa na sweta la mikono mifupi. Aliyenipokea alikuwa Padre Anselmi, mzee wa Kibena, mfupi, aliyefundisha Kilatini pale tangu mimi nachunga mbuzi, na ambaye hakuwa na muda wa kukaribisha wageni.

"Kamwene, Mwalimu Kikoti. Kilatini unakijua?"

"Kidogo, Padre."

"Kidogo chako kinatosha, wao hawana kabisa. Kidato cha Tatu wako pale. Ingia."

Ndiyo semina elekezi niliyopata. Ninyi mnapewa siku tatu hotelini na maji ya chupa, bado mnalalamika.

Vifaa vilikuwa hivi: ubao uliopasuka katikati, chaki zilizolowa, na kamusi moja ya Kilatini iliyoishia herufi P. Kurasa zilizobaki zililiwa na panya, au zilifanya kazi nyingine ambayo sitaitaja kwenye maandishi ya heshima. Hebu jaribuni kufundisha historia ya Roma bila herufi S. Seneti haimo. Washirika, socii, hawamo. Mtumwa, servus, hayumo. Kila neno la namna hiyo nililitoa kichwani mwa Padre Anselmi, kwa kumfuata bustanini kwenye kabichi zake, naye alijibu bila kuinua uso.

Kitu kimoja chema lilikuwa nacho darasa lile: ramani ya Italia ambayo Padre Anselmi aliichora mwenyewe ukutani kwa rangi ya mafuta iliyobaki walipopaka milango ya kanisa. Mto Liri ulikuwa wa buluu, na kando yake kulikuwa na nukta moja nyekundu kubwa kuliko nukta ya Roma. Nikamwambia amekosea vipimo. Akaniambia, "Sikukosea. Roma kila mtu ataiona. Hao wengine usipowachora wakubwa, hawaonekani." Alikuwa na msimamo kwamba mwalimu asianze Roma na makaizari na mashujaa. Aanze na mji mdogo ambao Roma iliukosea.

Habari yenyewe ni hii, na safari hii msiniruke. Waroma waliuanzisha mji wa Fregellae katika nchi waliyoinyang'anya wenyewe, kwenye kivuko cha mto, wakaweka watu wao wailinde njia. Watu wa milimani, Wasamniti, hawakupenda. Mji ukatekwa, ukarudishwa, ukajengwa upya. Miaka mingi baadaye jenerali wa Karthago, yule mwenye tembo, akaja na jeshi akielekea Roma. Watu wa Fregellae wakavunja madaraja yao wenyewe ili kumchelewesha, naye kwa hasira akaangamiza mashamba yao. Vita ikawa ndefu. Makoloni kumi na mawili, miji iliyoanzishwa na Roma kama Fregellae, yakaiambia Roma, basi, tumechoka, hatuna tena vijana wala mali ya kutoa. Mengine kumi na manane yakasema tutatoa, na aliyesimama mbele ya Seneti kuyasemea yote kumi na manane alikuwa mtu wa Fregellae. Mnaona mji wenyewe ulivyokuwa?

Vita ikaisha, mji ukanawiri. Watu wa milimani, watoto wa wale wale waliouchoma zamani, wakaanza kuhamia, familia elfu nne kwa mujibu wa malalamiko yaliyofikishwa Roma. Wakalima, wakafuga, wakaoa, wakatoa vijana jeshini. Lakini wote wale, wenyeji na wahamiaji, hawakuwa raia kamili wa Roma. Kupigana wanapigana, kuamua hawaamui. Siku moja kiongozi mmoja wa Roma akapendekeza wapewe uraia. Pendekezo likafa. Fregellae, mji uliokuwa mwaminifu kuliko yote, ukaasi, na ukaasi peke yake. Roma ikatuma jeshi. Hata hivyo kuta hazikuvunjwa na jeshi, maana mwenyeji mmoja aliuuza mji wake kwa adui. Ukabomolewa kabisa, na wakaanzisha mji mwingine jirani ili huo wa kwanza usahaulike. Miaka thelathini na kitu baadaye, baada ya damu nyingi zaidi, Italia yote ikapewa uraia ule ule walioufia watu wa Fregellae. Na yule msaliti? Hata Waroma aliowafaidisha walimdharau.

Sasa fundisha hiyo kwa vijana arobaini wa Nyanda za Juu Kusini, uone. Swali la kwanza, kila mwaka, bila kukosa: "Mwalimu, wale tembo walikuwa wanakula nini?" La pili: "Kwa nini hawakutuma mshenga?" Nikiuliza kwenye mtihani kwa nini Fregellae waliasi, robo ya darasa inajibu, "Kwa sababu ya maharage mabovu." Jamani! Ila ni kosa ambalo watoto wetu peke yao wangelifanya, maana kila mgomo waliowahi kuuona maishani ulianzia bwaloni. Mwingine akaniuliza, "Mwalimu, Roma na Fregellae walipigana zamani, si ndiyo? Sasa mbona hawakuwa watani? Si wangetaniana tu yakaisha?" Nilimwambia akae chini. Leo ningempa maksi.

Padre Anselmi alinirithisha zoezi moja. Kabla darasa halijaambiwa mwisho wa habari, kila mwanafunzi aandike kwa Kilatini barua ya watu wa Fregellae kwenda Seneti kuomba uraia. "Usiwaambie mwisho kwanza," alinionya. "Mtu akijua mji utabomolewa, anaandika kama marehemu." Alipofariki nililiendeleza zoezi lake, na kwa miaka kadhaa ndilo lilikuwa fahari yangu.

Hapo ndipo anapoingia Bonifasi Luhende. Alikuja kwetu kutoka bonde la Usangu. Baba yake alikuwa mfugaji wa Kisukuma, aliyeshuka kutoka kaskazini na ng'ombe wake Bonifasi akiwa bado mgongoni mwa mama. Mtoto alikuwa mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha kuvuta na Kilatini ambacho mimi mwenyewe nilikionea wivu. Alitaka upadre. Wengi husema wanataka, halafu ikifika likizo unawaona stendi ya Mafinga na miwani ya jua. Huyu alitaka kweli.

Seminari ile ilikuwa na ugonjwa wake. Waliotoka jimboni kwetu waliitwa wenyeji. Waliotoka majimbo mengine waliitwa wakuja. Kwa masomo na ada walikuwa sawa. Lakini Jumamosi wakuja ndio walioshuka bondeni kuchota maji na kupasua kuni, na hakuna mkuja aliyeruhusiwa kuwa kaka mkuu. Nani alianzisha utaratibu huo? Hakuna aliyejua. Ukiuliza unajibiwa, "Ndivyo tulivyoukuta." Jibu hilo linanichefua mpaka leo. Lakini niseme kweli, hata mimi niliukuta, nikaunyamazia.

Mwaka ule Bonifasi akaandika barua yake ya Fregellae. Kilatini safi, ila maneno yenyewe, loh! "Sisi wadogo wenu tusio na thamani, tunapiga magoti, tunaomba mtutazame kwa huruma." Nikapandwa na hasira. Mji uliovunja madaraja yake kwa ajili ya Roma unaandika hivyo? Nikachukua kalamu nyekundu, nikafuta aya nzima, nikaandika pembeni kwa Kilatini changu kizuri kuliko vyote: "Hatuombi sadaka, tunadai tulichokifanyia kazi. Mkitufungia lango lenu, kumbukeni na sisi tunalo lango, na lina komeo." Nikamwita mezani nikamwonyesha. "Omba kama mtu, Bonifasi, siyo kama mbwa chini ya meza." Akasema, "Ndiyo, Mwalimu," akarudi kwenye dawati lake kunakili.

Haikupita wiki mbili. Jumamosi asubuhi kengele ya maji ikalia, wakuja hawakutokea. Walikuwa wamejifungia bwaloni, kidato cha kwanza mpaka cha nne, na mlangoni walikuwa wamebandika barua ya Kilatini. Ilikuwa barua ya Fregellae. Waliyobadilisha ni machache: palipokuwa na Seneti sasa pana Baba Gombera, palipokuwa na askari sasa pana ndoo za maji. Sentensi zangu mbili zilikuwa pale pale katikati, na komeo lao.

Gombera, ndivyo tunavyomwita mkuu wa seminari, alikuwa Mngoni, mtu mwenye akili na hasira za karibu. Alisimama mbele ya ule mlango akasoma mara mbili. Kisha akatugeukia walimu. "Nani kati yao anaandika Kilatini cha namna hii?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu upesi, kwa fahari: "Hapa yuko mmoja tu anayeweza. Bonifasi Luhende."

Hakuna aliyenishika shingo. Nilikuwa nimeulizwa swali la somo langu, nikawahi kujibu kama mwanafunzi anayenyoosha kidole. Neno lilikuwa limeshatoka ndipo nikaona nimefanya nini.

Mgomo wenyewe uliisha saa saba mchana, mpishi alipopakua maharage nje na upepo ukapeleka harufu bwaloni. Wakafungua komeo wenyewe. Basi na wale wa "maharage mabovu" walikuwa wamekaribia jibu. Wengine wote wakarudishwa mabwenini, Bonifasi akaitwa ofisini. Tulikuwa wanne mbele yake: Gombera, mwalimu wa nidhamu, mwalimu wa Hesabu, na mimi.

"Bonifasi," Gombera alianza, na sauti yake haikuwa mbaya. "Wewe ni mtoto mpole. Barua umeandika wewe, mwandiko wako naujua. Lakini hizi sentensi mbili si zako. Hili neno la komeo ni la mtu mzima. Kuna mtu nyuma yenu. Mtaje, unarudi darasani leo hii, na wenzako nimewasamehe. Usipomtaja, unaondoka."

"Nimeandika mwenyewe, Baba Gombera."

"Fikiri vizuri, mwanangu."

"Mwenyewe, Baba."

Hakunitazama hata mara moja. Angenitazama, nadhani kila mtu angejua.

Sasa lazima niwaeleze jambo, hasa ninyi mliokulia Dar. Wangoni na sisi Wahehe babu zetu walichinjana, kwa hiyo leo ni watani. Mtani akikutukana msibani unacheka. Gombera na mimi tulitaniana kila siku ya Mungu. Yeye aliniita mla mbwa, mimi nilimwita mkimbizi aliyepotea njia akitoka kwa Wazulu. Walimu wengine walikuwa wakingoja chai ili watusikilize. Na pale ofisini nilifungua mdomo kusema ukweli, ukatoka kwa sauti ile ile ya kwenye chai:

"Baba Gombera, mwache mtoto wa watu. Hizo sentensi niliandika mimi! Nifukuze mimi, umlete Mngoni mwenzako asiyejua hata Baba Yetu kwa Kilatini."

Mwalimu wa Hesabu aliangua kicheko. Mwalimu wa nidhamu akafuata. Gombera mwenyewe, aliyekuwa amekunja uso tangu asubuhi, akacheka mpaka akafuta macho. "Nyamaza wewe! Nikikufukuza, mbwa wa kijiji hiki nani atawamaliza?"

Nami nikacheka.

Nisikilizeni vizuri hapo. Nilikuwa nimesema kweli tupu, neno kwa neno, mbele ya mashahidi watatu, na niliisema kwa namna ambayo hakuna Mhehe wala Mngoni angeisadiki. Nilijua. Mtani hakasirikiwi, na mtani hasadikiwi. Ningeweza kusema, "Hapana, sitanii." Ni maneno mawili. Bonifasi alisimama katikati ya kicheko chetu, mikono nyuma, akingoja tumalize. Tulipomaliza, Gombera akachukua karatasi akaandika barua ya kumfukuza: uchochezi, na kukaidi wakubwa wake.

Mchana ule nilikuwa na vipindi viwili vya ziada na Kidato cha Pili, nikavifundisha vyote. Nilijiambia, si nimesema? Wasiposikia ni shauri lao. Wala usidhani uwongo wa namna hiyo unachoka upesi. Mimi ulinibeba miaka ishirini na miwili.

Muhula uliofuata Gombera aliufuta utaratibu wa wenyeji na wakuja. Maji yakachotwa kwa zamu, na kaka mkuu aliyefuata alitoka jimbo la mbali. Kila mtu alipata kile barua ilichodai, isipokuwa aliyeiandika. Na kwa barua ile ya kufukuzwa, hakuna seminari nyingine ambayo ingempokea. Mimi nikahamia Mbeya. Mmewahi kuniuliza chumba cha walimu, kwa nini mimi, mwalimu wa zamani, nawaambia wanafunzi mwisho wa Fregellae siku ya kwanza kabisa, naharibu utamu wote, tena siwapi barua ya kuandika. Mlidhani ni uzee. Sasa mmejua.

Yote haya ningekufa nayo kama si ninyi na sherehe yenu ya kuniaga. Mmenipa blanketi, nashukuru, Mbeya ni baridi. Mmenipa saa ya ukutani, sijui kwa nini, kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Kisha mmoja wenu, simtaji, ana mdomo mtamu, akasimama akasema: "Mwalimu Kikoti hakuwahi kumtupa mwanafunzi hata mmoja!" Mkapiga makofi. Nilitamani ile saa iniangukie kichwani. Usiku ule mke wangu akaniuliza, "Mbona umenuna kama umefukuzwa kazi?" Nikamwambia kisa chote, kwa mara ya kwanza. Akasema, "Sasa mimi unaniambia ili iweje? Bonifasi ndiye mimi?"

Jumapili iliyofuata nilikuwa Usangu. Basi liliniacha barabarani, bodaboda ikanipeleka kupita Ubaruku, katikati ya majaruba ya mpunga na makundi ya ng'ombe, mpaka kwenye kigango cha tofali za kuchoma chenye bati nusu. Nilikuwa nimeulizia nikaambiwa katekista wa pale anaitwa Luhende. Alikuwa anamalizia ibada. Padre huwafikia mara moja kwa miezi miwili, siku nyingine zote ni yeye. Nilisimama mlangoni nikamsikiliza. Hakuna aliyesinzia. Kwangu walisinzia miaka thelathini na minne.

Watu walipotawanyika alinitambua mara moja. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Bonifasi." Nikamwambia pale pale, kabla ujasiri haujanitoka. Nikamwambia sentensi zile ni zangu, kicheko kile kilikuwa changu, na nimekuja kuomba msamaha. Alinisikiliza, mikono nyuma, vile vile alivyosimama ofisini.

"Mwalimu, kwani mimi sijui ni zako? Si ulinionyesha mwenyewe, kwa kalamu nyekundu?"

"Sasa kwa nini hukunitaja?"

"Wewe ndiye ulitufundisha kwamba aliyewauza watu wa Fregellae, hata Waroma walimdharau." Hakusema kwa kejeli. Alinijibu kama anayejibu swali la darasani. "Halafu nilijua utasema. Siku ile nilikaa getini juu ya sanduku langu. Lori la mbao la kwanza lilisimama, nikamwambia dereva nenda. La pili nikamwambia nenda. Nilikuwa nakungoja utoke darasani uende kwa Gombera tena, bila kutania. Kengele ya mwisho ilipolia ukapita kwenda nyumbani kwa njia ya bustanini, ndipo nikapanda la tatu."

Njia ile ya bustanini haipiti getini.

"Mimi nilishakusamehe zamani, Mwalimu," akasema. "Sikuoa mpaka nilipokata tamaa ya upadre, sasa nina mke na watoto, namshukuru Mungu. Msamaha wangu chukua, lakini hautanisaidia kitu. Mwenye kesi ni baba. Hajui kusoma. Barua ya seminari ilisomwa hapa hapa, mbele ya watu wote, kwamba mwanawe ni mchochezi, amewakaidi mapadre. Nilimwambia sikufanya kosa. Akaniuliza, basi nani alifanya? Nikanyamaza. Tangu siku hiyo hajala na mimi. Ng'ombe wake namchungia, mpunga wake nalima. Akiwa mgonjwa, ni mimi nampeleka hospitali. Lakini chakula kikija anakula na wadogo zangu, mimi naletewa kwangu. Na mzee sasa ana themanini na ushee."

"Yuko wapi?"

"Pale, kwenye mji wake, ule wenye uzio wa miti."

Tulikwenda. Bonifasi hakuingia. Alibaki kwenye uzio, pale anapobaki siku zote. Mzee Luhende alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, na fimbo magotini. Chakula kilikuwa ndiyo kinaletwa, wali na maziwa ya mgando, na mama mmoja alikuwa amesimama na birika na beseni la kunawia.

"Mwadila, baba," nilisema. Hilo neno moja la Kisukuma ndilo ninalolijua.

"Mwadila. Karibu, mgeni. Nawa, tule."

"Sitanawa, baba, mpaka niseme nililolileta." Nikasema. Nilieleza mimi ni nani, nilimfundisha nani, nilichoandika kwa mkono wangu, nilivyoulizwa na nilivyocheka. Nilisema polepole kwa Kiswahili chepesi, bila mzaha hata chembe, na kwa mtu wa kabila langu hiyo ni kazi ngumu kuliko kulima. Mzee alisikiliza bila kukatiza. Nilipomaliza aliuliza maswali matatu tu.

"Hayo maneno mabaya, uliandika wewe?"

"Mimi, baba."

"Mtoto alijua ni wewe?"

"Alijua."

"Na pale walipomuuliza, alikutaja?"

"Hakunitaja."

Akatikisa kichwa mara moja. Akatazama fimbo yake. Nilidhani ataniinulia, na ningekubali. Lakini mimi alikuwa hanioni tena. Aligeuza uso kuelekea kwenye uzio, akaita kwa sauti ambayo sikudhani mzee wa umri ule bado anayo:

"Bonifasi! Njoo unawe."

Yule mama mwenye birika aliweka beseni chini akajifunika uso kwa kanga. Bonifasi alikuja akitembea kama mtu asiyeiamini ardhi. Akapiga goti, baba yake akashika birika mwenyewe, akammiminia maji mikononi. Wakakaa, sahani moja kati yao. Mzee akamega tonge la kwanza, halafu akaniambia bila kugeuka, "Mwalimu, wewe utakula baadaye."

Nikasogea pembeni, nikakaa chini, nikangoja.